Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Uwanja Uko Wapi?

Wasee, leo tunaongea kuhusu PhD. Najua, najua. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sasa nataka kuwaambia habari za udaktari wa uuguzi. Lakini nisikizeni kidogo. Kila wiki kuna mtu ananiandikia DM kwamba anasomea uuguzi na mpango wake ni mmoja tu: amalize, apate leseni, apande ndege. Wengine wana ndoto ndefu zaidi. Wanataka digrii ya pili, halafu PhD, na yote wafanyie majuu. Nikiwauliza, "Ukishapata hiyo PhD, halafu?" wananyamaza. Wananitumia ile emoji ya kucheka, story inaishia hapo.

Hiyo "halafu" ndiyo nataka tuifuate leo. Kuna watu walishaipitia, na historia yao hatufunzwi popote. Tunajua majina ya wanasiasa na ya wanariadha. Muuguzi aliyesoma mpaka mwisho akarudi kubadilisha jinsi nchi yake inatibu watu, hata jina hatuna.

Tuanzie mbali kidogo. Ukitaja Florence Nightingale, kila mtu anakumbuka taa. Mama na taa yake usiku, wodi imejaa wanajeshi. Sawa. Lakini kilichotikisa serikali ya Uingereza kilikuwa hesabu zake. Alitoka vita vya Crimea na rekodi za vifo, akakaa chini, akazigeuza kuwa michoro ambayo hata waziri asiyependa kusoma angeielewa. Michoro ilionyesha kwamba wengi wa wale wanajeshi waliuawa na magonjwa yanayozuilika, uchafu na maji mabaya, kuliko majeraha ya vita. Mwaka wa 1858 akawa mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chama cha wanatakwimu cha London. Kwa hivyo mtu akikwambia utafiti ni wa madaktari na muuguzi kazi yake ni kubadilisha mashuka, mwambie arudi shule. Utafiti uko kwa uuguzi tangu siku ya kwanza.

Shida ni kwamba baada ya hapo dunia ikabaki na taa, ikasahau hesabu. Marekani yenyewe, yenye vyuo vyote hivyo, ilichukua muda. Miaka ya 1920, Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilianza kuwapa wauguzi nafasi ya kusomea udaktari, lakini ulikuwa udaktari wa elimu. Yaani muuguzi alipaswa kuingia kwa mlango wa walimu. Halafu subiri mpaka 1986 ndipo serikali yao ikaunda kituo cha utafiti wa uuguzi ndani ya taasisi zake kuu za utafiti wa afya, na 1993 kituo hicho kikapandishwa kuwa taasisi kamili. Piga hesabu. Karibu miaka sitini kati ya muuguzi kuruhusiwa kusomea udaktari na muuguzi kuwekewa mfuko wake wa pesa za utafiti. Weka hiyo namba akilini, tutaihitaji.

Sasa twende Botswana.

Sheila Tlou ni Mtswana. Alisomea uuguzi New Orleans, katika Chuo Kikuu cha Dillard, akaenda Washington kwa digrii ya pili, halafu akafanya PhD ya uuguzi katika Chuo Kikuu cha Illinois kule Chicago. Kwa macho ya mtaa, huyo ameshafika. Ana karatasi zote na anajua watu. Angebaki Chicago hakuna mtu angemlaumu.

Yeye akachagua kufundisha Chuo Kikuu cha Botswana, Gaborone. Na angalia wakati. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi Botswana alijulikana 1985. Kufikia mwisho wa 2001, makadirio ya Umoja wa Mataifa yalisema karibu asilimia 39 ya watu wazima nchini humo walikuwa wanaishi na virusi. Nchi yenye watu milioni 1.7 hivi. Keti na hiyo kidogo. Katika kila watu wazima watano, karibu wawili. Ungekuwa na tasnifu nzuri sana kuhusu kitu kingine chochote, nani angekuwa na muda nayo?

Hapa ndipo mimi naona kazi ya mtafiti inapoanzia. Tlou aliangalia wanawake. Aliangalia pia wazee, kwa sababu vijana wakianza kuugua, anayewauguza nyumbani ni nyanya, na nyanya mwenyewe hana nguvu. Maswali yake yalitoka mle mle ndani ya nyumba za Batswana. Chicago ilimpa njia ya kuyauliza vizuri: jinsi ya kuchagua watu wa kuhoji, jinsi ya kulinganisha vikundi viwili bila kujidanganya, jinsi ya kuandika matokeo yakasomwa na mtu wa mbali.

Na kuna kitu kingine ambacho hakuachilia: watu wa Chicago. Pamoja na waliokuwa kule, kina Kathleen Norr na Beverly McElmurry, walijaribu mpango wa kuzuia virusi miongoni mwa wanawake walioajiriwa mijini Botswana. Mpango ulikuwa rahisi kuueleza. Hakuna daktari wa kusimama mbele na kufoka. Wanawake wanakutana kwa kikundi kidogo, anayeongoza ni mwenzao aliyefunzwa, na wanaongea vitu ambavyo huwezi kuongea na mgeni: mwili, mume, kondomu, jinsi ya kusema hapana bila nyumba kuvunjika. Halafu wanapimwa, waliopitia kikundi na ambao hawajapitia, kuona kama kuna tofauti. Matokeo yalichapishwa 2004.

Sasa hapa ndipo nilisema manze. Mpango huo haukubaki Botswana. Ulienda Malawi, ukabadilishwa ufae watu wa huko, ukaitwa Mzake ndi Mzake. Kwa Kichewa ni kama kusema rafiki kwa rafiki. Wauguzi wa Kamuzu College of Nursing walikuwa katikati ya hiyo kazi, wakianza na wafanyakazi wa afya wenyewe kabla ya kufika vijijini. Ukavuka bahari ukafika Chile, ukaitwa Mano a Mano, mkono kwa mkono, kwa wanawake wa kipato cha chini mjini Santiago. Tumezoea kusikia kwamba maarifa yanatoka majuu yanashuka kwetu kama mitumba. Hapa kitu kilichojaribiwa kwa wanawake wa Botswana kikawafaa wanawake wa Chile.

Na Tlou? Mwaka wa 2004 akawa Waziri wa Afya wa Botswana, mpaka 2008. Muuguzi mtafiti, sasa ndiye anashika bajeti. Tuseme ukweli hapa, maana mtandaoni tunapenda kumfanya mtu mmoja kuwa malaika. Botswana ilikuwa imeanza mpango wa kuzuia mama kumwambukiza mtoto tangu 1999, na mpango wa kitaifa wa kugawa dawa za kupunguza makali ya virusi tangu Januari 2002, kabla ya yeye kuwa waziri. Serikali ilikuwa na pesa za almasi, ilikuwa na wafadhili, na ilikuwa na rais aliyekubali kusema hadharani kwamba nchi iko hatarini. Yeye aliingia kwa gari ambalo tayari linatembea. Lakini aliingia akijua barabara, kwa sababu alikuwa ameitembea kwa miguu akiwa mtafiti. Baadaye, 2010 hadi 2017, aliongoza kazi ya UNAIDS mashariki na kusini mwa Afrika, sisi tukiwemo. Na Desemba 2021 Shirika la Afya Duniani likaitambua Botswana kuwa nchi ya kwanza yenye maambukizi mengi kupiga hatua kubwa ya kumaliza maambukizi ya mama kwa mtoto. Nchi ile ile ya asilimia 39.

Usiniambie huyo ni mmoja tu, alibahatika. Ngoja nikuongezee wengine, na hawa wako karibu na nyumbani.

Kati ya 2003 na 2006, watafiti wa uuguzi kutoka nchi tano, Lesotho, Malawi, Afrika Kusini, Swaziland na Tanzania, walikaa pamoja na William Holzemer wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Afrika Kusini kulikuwa na Leana Uys, Malawi kulikuwa na Maureen Chirwa, Tanzania kulikuwa na Thecla Kohi wa Muhimbili, Dar es Salaam. Tatizo lao lilikuwa moja: unyanyapaa. Kila mtu alikuwa anasema unyanyapaa unaua, watu wanaogopa kupimwa, wanaficha dawa. Lakini unaupimaje? Kama huwezi kuupima, utajuaje kama kampeni yako imeupunguza ama umechoma tu pesa kwa fulana na mabango?

Wakafanya kazi ya polepole. Kwanza waliketi na watu wenyewe, wanaoishi na virusi na wauguzi wanaowahudumia, wakasikiliza. Wakachukua maneno hayo wakayageuza kuwa maswali. Wakayajaribu, wakatupa yasiyofaa. Mwisho wakabaki na hojaji ya maswali 33, wakaithibitisha kwa watu 1,477 wanaoishi na virusi katika nchi zote tano. Inapima vitu kama matusi, kutengwa, kunyimwa huduma hospitalini, kuonewa kazini, na jinsi mtu anavyojiona mwenyewe. Halafu wakatengeneza nyingine ya wauguzi, kwa sababu waligundua kitu ambacho daktari anayepita wodini dakika kumi hawezi kukiona: muuguzi anaweza kumnyanyapaa mgonjwa, na muuguzi huyo huyo ananyanyapaliwa mtaani kwa sababu anahudumia hao wagonjwa. Pande zote mbili zikaingia kwenye kipimo.

Ona sasa, hiyo ndiyo kazi ya mtafiti wa uuguzi. Haina mashine kubwa wala maabara ya kung'aa. Anachukua kile ambacho kila sista wodini anakijua moyoni, anakifanya kiwe ushahidi ambao waziri hawezi kuupuuza.

Kwa hivyo nikirudi kwa swali la "halafu", naona waliofanikiwa walishika kamba kwa ncha mbili. Ncha moja iko nyumbani: swali lililotoka kwa watu wao, ambalo hawakuliacha hata baada ya kuvaa lile joho. Ncha nyingine iko kule walikosomea: msimamizi wa tasnifu anayeendelea kuwa mwenzako wa kazi, chuo kinachojua kuandika maombi ya ruzuku, maktaba. Mpango wa Malawi, kwa mfano, ulipata pesa kutoka ile ile taasisi ya utafiti wa uuguzi ya Marekani niliyoitaja juu. Ukiachilia ncha ya kule, unarudi nyumbani na akili bila doo. Ukiachilia ya huku, unakuwa mtu wa kuchambua matatizo ya watu wengine milele, na ya kwenu yanangoja.

Lakini mcheza kwao hutunzwa, si ndiyo tunasema? Kuna kitu methali haisemi. Kwao lazima kuwe na uwanja. Tlou alikuwa na chuo kilichokuwa na idara ya uuguzi, na serikali iliyokuwa tayari kumsikiliza. Kohi alikuwa na Muhimbili. Sasa tujiulize sisi.

Digrii ya kwanza ya uuguzi katika Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza 1992. Hiyo ni juzi. Wengi wanaosoma hii, wazazi wenu walikuwa tayari shuleni. Sheria yetu ya sayansi na teknolojia ya 2013 ilisema utafiti upate asilimia 2 ya pato la taifa. Hatujafika hapo, na tumeacha kuona aibu. Halafu Julai 2021 tukatia sahihi makubaliano na Uingereza ya kuwapeleka wauguzi wetu kufanya kazi huko. Sipingi. Mtu amemaliza kozi, amekaa nyumbani bila kazi huku zahanati ina muuguzi mmoja, ukimwambia akatae ndege unamwambia ale hewa. Lakini angalia tunachouza. Tunauza mikono. Hakuna mahali kwenye hayo mazungumzo nilisikia mtu akiuliza kuhusu vichwa.

Shangazi yangu ni muuguzi kwa zahanati ya kijijini. Miaka kadhaa iliyopita aliona kwamba akina mama wajawazito hawaji kliniki siku ya Jumanne. Bosi wake alisema ni uvivu na kukosa elimu. Shangazi akaanza kuandika kwa daftari yake mwenyewe nani amekuja siku gani, anatoka wapi. Akagundua Jumanne ni siku ya soko, na hao akina mama ndio wanauza mboga inayolisha nyumba. Akaomba siku ibadilishwe. Ikachukua mwaka mzima, na ikabadilishwa kwa zahanati hiyo moja tu, kwa sababu bosi mpya alikuwa mtu poa. Daftari iko nyumbani kwake mpaka sai. Nimeiona. Imepigwa mistari kwa rula.

Wasee, hiyo ni data. Huyo ni mtafiti. Nightingale alikuwa na rekodi za jeshi, shangazi ana daftari ya shule ya kurasa 96. Tofauti ni kwamba hakuna mtu wa kumpelekea. Kungekuwa na muuguzi mwenye PhD kwa chuo kilicho karibu, mwenye muda na vijisenti vya utafiti, hilo daftari lingekuwa swali la kaunti nzima: ni zahanati ngapi zina kliniki siku ya soko? Ni akina mama wangapi wanaitwa wavivu na wao wako sokoni?

Lakini mara nyingi mtu akirudi na hiyo PhD anapewa nini? Darasa la wanafunzi mia, mitihani ya kusahihisha, wanafunzi wa kusimamia wodini, na kamati tatu. Tasnifu inabaki kwa laptopu, haijawahi kuwa makala. Baada ya miaka mitatu anaandika barua kwa chuo cha nje, na tunamwita msaliti.

Kuna watu wanaojaribu kurekebisha, na tuwataje. Tangu 2008 kuna mpango unaoitwa CARTA, unaoongozwa kutoka hapa hapa Nairobi na kituo cha APHRC pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Unawafadhili wasomi wa PhD kwenye mambo ya afya na idadi ya watu, lakini unachukua watu ambao tayari wameajiriwa kwenye vyuo vya Afrika vilivyo ndani ya mpango, Nairobi na Moi vikiwemo. Kwa nini? Kwa sababu mtu huyo ana kiti cha kurudia. Na akimaliza, kuna ruzuku ya kumsaidia kuanza utafiti wake mwenyewe asimezwe na mitihani. Yaani kuna mtu aliketi akafikiria ile "halafu". Ni mbegu, shamba bado ni kubwa.

Kwa hivyo wewe unayeniandikia DM kuhusu kwenda majuu, mimi sikuzuii. Enda. Soma mpaka wakuite daktari. Lakini ukipanda ndege, beba swali. Moja tu, la kwenu, kama la Jumanne. Liandike kwa daftari kabla hujaondoka, kwa sababu kule utapewa maswali mazuri ya watu wengine na utasahau. Ukiamua kubaki huko, bado unaweza kushika ncha yako ya kamba. Tafuta chuo kimoja huku, muuguzi mmoja, mwandike pamoja.

Na sisi tunaobaki, tusio na digrii hata moja, tuna kazi pia. Tunajua kupiga kelele kuhusu barabara na bei ya unga. Hebu tupige kelele kuhusu hiyo asilimia 2. Marekani walingoja karibu miaka sitini kupata mfuko wao. Sisi tukianza kuhesabu 1992, miaka sitini ni 2052. Mimi nitakuwa babu, na sina hiyo subira.

Kama una muuguzi kwenu, leo akitoka shifti muulize swali moja: ni kitu gani anakiona kazini kila siku ambacho hakuna mtu amewahi kumuuliza? Andika jibu hapa chini. Usitaje hospitali wala jina la mgonjwa. Nataka tuone tukiwa na watu mia tutapata madaftari mangapi.